Mti wa Kiongozi Haufi

Nchi ninayoisimulia hapa iko mbali sana na ya kwenu, msomaji. Jina lake nalihifadhi kwa sababu nina watoto wanaosoma na nyumba ambayo upande mmoja bado haujaezekwa. Ukiona humu kitu kinachofanana na cha kwenu, laumu macho yako. Mimi si mtu wa siasa. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti kwenye hafla: natambulisha wageni kwa kufuata vyeo vyao, naomba makofi, na makofi yakilegea naomba mengine.

Basi katika nchi hiyo ipo benki moja kubwa iitwayo Benki ya Kijani. Zamani iliitwa Benki ya Magogo na Mbao, lakini dunia ilipoanza kupata homa, benki nayo ilibadilika kwa kasi ya kupendeza. Jumatatu ilibadili jina, Jumanne ikapaka kuta rangi mpya, na Jumatano ikapumzika. Makarani walivalishwa mashati ya kijani. Mashine ya kutolea fedha ilifundishwa kusema, "Asante kwa kuokoa sayari," kabla ya kukuarifu kwamba salio lako halitoshi. Karatasi zilipigwa marufuku kabisa, kwa hiyo mteja mwenye shida ya mkopo hujaza fomu kwenye kompyuta, kisha hutoka nje akaichapishe mwenyewe kwa gharama zake, nakala tatu, na kuirudisha.

Mkurugenzi Mkuu wa benki hiyo, Dakta Ezroni Kabonga, aliyekuwa akiitwa Baba wa Mazingira na watu wote waliokuwa na mkopo kwake, alishonewa suti nzito ya sufu ya kijani. Nchi ile ni ya joto. Ili suti ya mazingira iweze kuvalika, ofisi yake ilipozwa mchana kutwa mpaka meno ya wageni yakagongana, na jenereta lililokuwa uani lilinguruma bila kuchoka. Niliwahi kuingia humo kupokea ratiba ya hafla, nikatoka na mafua. Nayakumbuka kwa heshima, maana yalikuwa mafua ya kuokoa sayari.

*

Katika nchi hiyo, penye mgeni rasmi pana mti. Mgeni rasmi akifungua choo cha shule, anapanda mti. Akifunga semina, anapanda mti. Benki ya Kijani iliona fursa hapo, ikachagua mahali pamoja pa kupandia miti yote ya viongozi, kijiji cha Itebe, ambako ndiko kilikozikwa kitovu changu. Itebe ina mteremko mzuri chini ya Msitu wa Lusungo, na barabara ya lami inafika mpaka pale pale ambapo wapiga picha hupenda kusimama.

Utaratibu wake ni huu. Shimo huchimbwa jana yake na watu ambao siku ya hafla hawatakiwi kuonekana. Mche huletwa ukiwa ndani ya kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki wa kuoteshea miche. Hata mwanangu wa darasa la tatu anajua kwamba kiriba huchanwa kabla ya kupanda ili mizizi ipate pa kupita. Lakini kiriba kikichanwa udongo humwagika, na udongo ukimwagika unaweza kuangukia viatu vya mgeni rasmi, kwa hiyo watu wa itifaki waliamua kiriba kibaki. Mgeni rasmi anavishwa glavu nyeupe, anashikishwa mche shingoni, anaushusha shimoni, anaumwagia maji ya chupa kidogo na yanayobaki anakunywa. Kisha kinasimikwa kibao cha marumaru chenye jina lake na cheo chake. Vibao vile ni vikubwa. Kusema kweli, kivuli kilichopatikana Itebe kilitoka kwenye vibao.

Mti wa kwanza kukauka ulikuwa wa Dakta Kabonga mwenyewe. Bwana Nsajigwa, ofisa misitu wa wilaya, kijana mwenye elimu nzuri na akili kidogo ya maisha, alisimama kwenye kikao akasema mbele za watu, "Mti wa Mkurugenzi umekufa." Bahati mbaya wiki ile ile Mkurugenzi aliteleza bafuni akaumia kiuno. Watu wakatazamana. Nani alimsemea? Nani aliyetamka kifo na jina la mkubwa kwa pumzi moja? Huo si utaalamu, ni uchuro. Bwana Nsajigwa alihamishiwa kisiwa kimoja kisichokuwa na mti hata mmoja, na huko mpaka leo anasimamia misitu kwa uaminifu mkubwa.

Ndipo ukatoka Waraka. Ulisema kwa ufupi kwamba mti wa kiongozi haufi. Unaweza kupumzika, unaweza kutafakari, unaweza kujipanga upya, lakini haufi, na anayesema umekufa anamtakia aliyeupanda yale yaliyoupata. Tangu siku hiyo miti ya viongozi Itebe ilistawi kwa asilimia mia. Ilisimama pale mteremkoni mikavu kama njiti za kiberiti, mia nne na ushee, yote ikitafakari.

*

Mwaka uliofuata benki iliikopesha Kampuni ya Mkaa Safi, mali ya mkwe wa Waziri, ili ikate Msitu wa Lusungo wenyewe, ule wa kweli, uliokuwa juu ya mteremko tangu enzi ambazo hata babu zetu walizisimuliwa. Wako watu wenye roho za kwanini, hawakosekani, waliouliza vipi benki ya kijani inahusika na jambo hilo. Mkurugenzi aliwajibu kwenye hafla ya kutia saini, na mimi ndiye niliyemshikia kipaza sauti.

"Ndugu zangu, benki yetu haikati miti," alisema. "Benki yetu inakopesha mashoka. Na kwa kila mti utakaolala kule Lusungo, upo mti wa kiongozi uliosimama hapa Itebe badala yake. Nami nawaahidi mbele ya kamera hizi: siku mti mmoja tu wa kiongozi utakapokufa, siku hiyo hiyo misumeno itanyamaza."

Niliomba makofi nikayapata. Ilikuwa ahadi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia, kwa sababu hapakuwa na njia ya kumdai mtu aitimize.

*

Sasa nije kwa Bi. Tusekile. Huyu ni mke wa Mzee Ambakisye, ambaye kwa ukoo ni kaka yangu, kwa hiyo mimi ni shemeji yake. Kaka yangu alipooza upande mmoja, akalala kitandani miaka sita. Alibakiwa na jicho moja linaloona vizuri na maneno machache anayoyatoa kwa shida. Kwa miaka yote hiyo Bi. Tusekile alimwogesha asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu, akamgeuza, akampaka mafuta, na mwili wa mzee ulikuwa safi kama wa mtoto mchanga. Hakuwa na kidonda hata kimoja. Wauguzi wa zahanati waliwapeleka wanafunzi wao pale kuona mgonjwa anavyotunzwa.

Maji aliyachota kijito cha Kasyeto, kilichopita nyuma ya jiko lake. Kijito hicho kilitoka chini ya Msitu wa Lusungo. Misumeno ilipoingia msituni, kijito kilianza kupungua, kikawa uzi, kikawa tope, kikawa njia ya mbuzi. Akabaki kutegemea kisima cha misheni, ng'ambo ya mlima. Alitoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, ndoo moja kichwani, na muda wote huo mgonjwa amelala peke yake akitazama mlango kwa lile jicho. Maji yakawa ya kunywa kwanza na ya kupikia. Kuoga kukawa kwa kuruka siku, halafu kukawa pale inapowezekana, na siku moja aliponigeuzia mgonjwa nimwone, kidonda kilikuwa kimefunguka nyongani.

Mwana wao wa mjini, Lwitiko, alituma ujumbe kwamba baba apelekwe kwake, kwenye chumba chake kimoja cha kupanga. Mzee alikataa. Alijikaza mpaka jasho likamtoka, akasema anataka kufia nyumbani kwake. Bi. Tusekile aliniambia habari hizo akiwa ameshika fremu ya mlango, na sikuwahi kumwona ameshika kitu namna ile.

"Shemeji, wewe unakaa na wakubwa," alisema. "Nakuomba useme mti mmoja tu umekufa. Mmoja. Wenyewe waliahidi."

Nilimweleza kwa upole kwamba kipaza sauti nakishika tu, si changu. Nikamshauri afuate ngazi. Akazifuata zote. Mtendaji wa kijiji alimsomea Waraka, akampa pole kwa kijito kutafakari. Mhandisi wa maji wa wilaya alikunjua ramani, akamwonyesha kwa kalamu kwamba juu ya Kasyeto kuna miti mia nne na ushee iliyo hai kwa asilimia mia, hivyo maji yapo, labda yeye ndiye asiyetazama vizuri. Mchungaji alisema anayejua aliye hai na aliyekufa ni Mungu peke yake, na kanisa lilikuwa limeahidiwa mabati na benki. Kwenye benki yenyewe hakuvuka mlangoni, mashine ilimshukuru kwa kuokoa sayari.

Alirudi kwa miguu. Jioni ile nilimsikia akitwanga kitu kwenye kinu, na nilipochungulia, kinu kilikuwa kitupu. Niliogopa sana.

*

Sasa katika nchi hiyo kuna adabu moja ya msiba ambayo nadhani kwenu haipo. Mtu akisikia kilio hafiki akaanza kuuliza nani amekufa. Kuuliza ni kujitangaza kwamba hukuwa karibu na familia. Unafika, unavua kofia, unalia kwa kadiri ya uwezo wako, unatoa rambirambi, unatafuta pa kukaa. Jina la marehemu utalipata mbele ya safari.

Asubuhi aliyotarajiwa mkaguzi wa Tuzo ya Jani la Dhahabu, ambayo Benki ya Kijani iliiwania dhidi ya mabenki ya nchi nyingi, kilio kilisikika nyumbani kwa Bi. Tusekile. Nilikimbia nikijua kaka yangu amekwenda. Nilimkuta Bi. Tusekile kwenye mkeka uani, kanga imefungwa kiunoni, analia mpaka sauti imekatika. Ndani, kaka yangu yuko hai, jicho lake linaniuliza mimi kuna nini. Katikati ya ua, juu ya kitanda kidogo cha kamba, kulikuwa na kitu kilichofunikwa shuka jeupe, kirefu kiasi cha mtoto anayetambaa.

Nilipiga magoti kando yake. Mimi kama shemeji nina haki ya kuuliza, nikauliza kwa sauti ya chini.

"Nalia, shemeji," alisema. "Kaa nawe ulie."

Nikakaa nikalia. Na machozi yake hayakuwa ya kuigiza, nalisema hili wazi, kwa sababu alikuwa nayo ya miaka sita na hajawahi kupewa nafasi ya kuyatoa. Kufika saa nne ua ulikuwa umejaa. Kila mtu alijua kuna aliyekufa na kila mtu aliamini jirani yake anamjua. Wanaume waliwasha moto, wanawake walimenya ndizi, na wajomba walikwisha kununiana juu ya nani atakuwa msemaji wa ukoo.

Ndipo msafara wa Mkurugenzi ukateremka kutoka mlimani. Kiongozi wa nchi ile anaweza kuupita umati wenye njaa bila kugeuza shingo, lakini umati wenye msiba haupiti, ni kama mbuzi na majani mabichi. Magari yalisimama. Dakta Kabonga alishuka na suti yake ya sufu, na nyuma yake mkaguzi wa tuzo, mama mmoja mrefu kutoka ng'ambo, mtaratibu, aliyejifunza lugha yetu na kuielewa vizuri ilimradi isemwe polepole. Nililetewa kipaza sauti. Kazi ni kazi. Nikamtambulisha Baba wa Mazingira.

Alisimama kando ya kile kitanda cha kamba, akainamisha kichwa kwa muda unaotosha picha.

"Marehemu nilimfahamu tangu akiwa mdogo," alianza, polepole, kwa ajili ya mgeni. "Nilimshika kwa mikono yangu hii. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakuwahi kumwomba mtu kitu, hata maji ya kunywa. Alisimama pale alipowekwa, akavumilia. Ndugu wafiwa, mimi na benki yangu tunakiri kwamba tumempoteza. Amefariki, na pengo lake halitazibika."

Watu waliitikia kwa kilio kipya. Nimesikia hotuba nyingi za msibani, na hiyo ndiyo pekee ambayo kila neno lake lilikuwa kweli.

Bi. Tusekile aliinuka. Aliifuta pua kwa ncha ya kanga, akamshukuru kwa kufika, akamwomba amuage marehemu. Kisha akalivuta lile shuka.

Ulikuwa mche, umekauka, umo ndani ya kiriba chake kama siku ulipopandwa. Kando yake kilikuwa kimelazwa kibao cha marumaru. Mkurugenzi akasoma jina lake mwenyewe na shahada zake zote.

Mkaguzi alikuwa amesogea, akasoma naye.

"Umesema mwenyewe kwamba amefariki, baba," alisema Bi. Tusekile. "Sikusema mimi. Mume wangu yumo ndani humu, hii ni wiki ya pili hajaoga, na ana vidonda. Naomba misumeno inyamaze kama ulivyoahidi, kijito kirudi, nimwogeshe. Sina jingine ninalolitaka kwako."

*

Mtu mdogo angekimbilia gari. Dakta Kabonga hakuwa mtu mdogo. Alimtazama mkaguzi, akatazama kamera, akautazama umati ambao ulikuwa umekwisha kutoa machozi na rambirambi na haukuwa tayari kurudishiwa. Halafu akatoa leso na kulia tena, safari hii kwa sauti. Akasema yeye ni mtu wa neno lake. Akasema benki isiyoweza kukiri kifo haiwezi kulinda uhai. Akatangaza kwamba kuanzia dakika ile biashara yote ya miti Lusungo imesimama.

Vigelegele vilipasuka katikati ya msiba, na hilo sijapata kuliona kabla wala baada ya siku ile. Bi. Tusekile alishuka chini taratibu kama mtu aliyetuliwa mzigo, akakaa vumbini. Nilifurahi mpaka nikasahau kuomba makofi. Kwa mbali, misumeno ilinyamaza kweli, na tulisikia ndege.

"Lakini," alisema Mkurugenzi, akikunja leso, "mti wa kiongozi hauwezi kuzikwa kama mbwa."

*

Kamati ya Kitaifa ya Mazishi iliundwa jioni ile ile. Ilipojulikana kwamba mti wa Mkurugenzi umekufa na utazikwa kwa heshima, viongozi wengine waligundua mmoja baada ya mwingine kwamba na wao wamefiwa. Waraka ulifutwa. Kuwa na mti hai kulianza kuonekana ni ubahili. Naibu Waziri mmoja ambaye mche wake peke yake ulikuwa umejitahidi ukatoa majani mawili alifunga safari mpaka Itebe, akaung'oa kwa mkono wake mwenyewe, akapokea pole.

Miti yote mia nne na ushee ilihitaji majeneza. Hapo palitokea mjadala mzito wa siku nyingi, kwa sababu mche ni mche tu, lakini walioupanda hawalingani. Kamati ikaamua, na nani angepinga, kwamba ukubwa wa jeneza ufuate cheo na si mti. Diwani alipewa jeneza la kawaida la mtu mzima. Mkuu wa Wilaya akapewa la mtu mzima mwenye afya. La Waziri lilitosha nyati wawili, na la Mkurugenzi lilikuwa na vyumba. Mbao ziwe mninga na mkangazi, si vinginevyo, na mninga na mkangazi katika nchi nzima vilikuwa vimebaki mahali pamoja tu.

Misumeno ikarudi Lusungo, imefungwa vitambaa vyeusi.

Bi. Tusekile alipanda mlima mpaka kwenye lango la kampuni. Nilikuwa pale kwa ajili ya kutambulisha wasimamizi wa msiba, nikamwona anavyoongea na msimamizi, kijana mstaarabu sana. Yule kijana alimweleza kwamba ahadi imetimizwa neno kwa neno: biashara imesimama. Hii si biashara, mama, ni mazishi. Akamuuliza, kwa heshima zote, kama yeye mzazi wa Itebe anaweza kuthubutu kuwazuia watu kuzika. Na msiba ule Bi. Tusekile aliuanzisha mwenyewe. Wahenga walisema kufa kufaana, ila hawakutaja nani atamfaa nani. Nilitaka kumshika mkono. Lakini nilikuwa na orodha ya wageni mkononi, na yeye alikwisha geuka.

Makaburi nayo yalihitaji udongo laini. Udongo laini kuliko wote Itebe ulikuwa kwenye mkondo wa Kasyeto, ambao kwa vile ulikuwa mkavu haukuwa na mwenyewe. Wakachimba humo kuanzia chini ya msitu mpaka nyuma ya jiko la Bi. Tusekile, wakazika, wakamwaga zege juu, wakavirudisha vile vibao vya marumaru. Bwana mmoja wa kamati alisifu jinsi makaburi yalivyokaa, yamepinda vizuri kama mto.

Siku ya mazishi mkaguzi wa tuzo alilia, na naamini alilia kweli. Alisema amezunguka nchi nyingi na hajaona benki inayoomboleza miti kwa kiwango kile. Akatoa Jani la Dhahabu kwa Benki ya Kijani, kwa uongozi wa mazingira na kwa uwazi. Dakta Kabonga aliliinua jani juu, lilikuwa zito, akatuomba sote tugeukie mlima tusikilize.

"Leo Lusungo," alisema, "hakuna msumeno hata mmoja unaolia."

Ilikuwa kweli tupu. Mlima ulikuwa mwekundu kutoka chini mpaka juu, na hata ndege wa siku ile hawakuwapo. Nikaomba makofi.

*

Kaka yangu Ambakisye alifariki Jumapili, mwanzoni mwa mvua ambazo hazikunyesha. Vidonda vilikuwa vimekula mpaka mfupa. Alifia nyumbani kwake kama alivyotaka.

Nilifika na vyombo vyangu vya sauti, kwa kuwa kaka ni kaka. Langoni watu walikuwa wamesimama wakiulizana kwanza ni nani hasa aliyekufa, na je, imethibitishwa. Adabu ile ya zamani ilikuwa imekwisha Itebe, na sijui kama itarudi. Fundi seremala alikuja kutupa pole na kusema kwamba wilaya nzima haina ubao hata wa kutengenezea stuli, basi tukaleta mkeka. Bi. Tusekile aliniona na spika zangu, akaniambia niziache nje. Nikaziacha.

Wazee waliokuja kumwosha maiti walisimama mlangoni na hawakuingia. Hapakuwa na maji ndani. Ndoo ya misheni ilikuwa haijafuatwa tangu mgonjwa alipozidiwa. Wanawake walitoka kimya, kila mmoja kwake, wakarudi na walichokuwa nacho, huyu kikombe, huyu nusu birika, mwingine maji ya kunywa ya mwanawe yakiwa bado kwenye chupa ya shule. Yakamiminwa yote kwenye bakuli moja. Wazee walilitazama lile bakuli, wakampisha mke wake, kwani miaka sita alimwosha yeye.

Alianza usoni. Alipitisha kitambaa kwenye paji, kwenye lile jicho lililokuwa likiona na lile lililokuwa halioni, nyuma ya masikio, shingoni. Kisha mkono wa kulia, kidole kwa kidole, kisha wa kushoto. Alipokamua kitambaa mara ya mwisho hakikutoa kitu. Akachovya tena, na tuliokuwa mlangoni tulisikia vidole vyake vikikwaruza chini ya bakuli.

Halafu akavuta blanketi, akamfunika kuanzia kifuani kwenda chini, sehemu zote ambazo maji hayakufika, akalikunja vizuri pembeni kama alivyozoea kila jioni.

"Baba Lwitiko, nivumilie," alimwambia. "Leo nimekuosha uso na mikono tu."